Jetski inatembea kwa silinda moja: kupima injini ya mipigo miwili kabla ya kununua pistoni

Mpelekee fundi jetski isiyopanda juu ya maji, na mara nyingi jibu litakuja haraka: silinda moja imekufa, lete pistoni. Huenda ni kweli. Lakini pistoni ya injini ya mipigo miwili (two-stroke, ile inayochoma petroli iliyochanganyika na oil) haifi yenyewe. Kuna kitu kimeiua, na kama kitu hicho bado kimo ndani ya mashine, pistoni mpya itaifuata ya zamani, pengine kabla tangi la kwanza la petroli halijaisha. Hapa tutaanza na vipimo visivyogharimu kitu, na kufungua injini tutakuacha mwisho.

Mifano mingi nitaitoa kwenye injini ya Yamaha ya cc 701, iliyowekwa kwenye SuperJet ya kusimama, WaveVenture 700, XL 700 na ndugu zao. Ina silinda mbili za kipenyo cha milimita 81 na mpigo wa milimita 68. Kwenye SuperJet ilidumu hadi modeli ya 2020, ndipo Yamaha wakahamia mipigo minne, kwa hiyo hata jetski isiyo ya kale inaweza kuwa nayo. Kawasaki na Sea-Doo wana mambo yao, ila njia ya kupima haibadiliki sana.

Je, ni silinda kweli?

Washa, ingia majini, bonyeza mafuta mpaka mwisho, kisha sikiliza. Injini ikipanda mzunguko kwa sauti kali lakini jetski haisogei inavyostahili, usiguse silinda. Tatizo liko nyuma: impela (panga la kusukuma maji) iliyolika, pete inayoizunguka iliyopanuka, au kitu kilichonaswa kwenye chekeche la chini. Kamba ya nyavu, mwani, mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini bahari bado haijapata barua.

Injini ikiwa yenyewe ndiyo inayokataa kupanda, inatetemeka, mlio umekuwa mzito na wa kukatakata, na mkia wa jetski umezama huku pua ikitazama juu, hapo tuna sababu ya kuendelea. Injini ya silinda mbili ikipoteza moja, iliyobaki bado inaweza kuzungusha kranki, shafti kuu ya injini. Itawaka, itashika sailensa (kuunguruma chini bila kubonyeza mafuta) kwa tabu, itakurudisha ufukweni polepole. Ndiyo maana wenye jetski za kukodisha huendelea kuzitumia siku nzima zikiwa hivyo, na silinda nzima nayo inachoka kwa kubeba mzigo wa mbili.

Vitu vya kuwa navyo

Spana ya plagi, plagi mbili mpya za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, geji ya kompresheni (ya kupima mbano wa hewa ndani ya silinda) ya kufunga kwa uzi (ile ya kubana kwa mkono kwenye tundu inadanganya), tochi, vitambaa, oil ya 2T na betri iliyojaa. Ukipata kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, itakuokolea kazi nyingi. Baadaye tutahitaji pia pampu ya mkono na geji ya mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya mshale. Wala sitanii.

Kabla ya lolote, toa siti na uache tumbo la jetski lipate hewa kwa dakika kadhaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, na tutakuwa tunatengeneza cheche. Ukisikia harufu kali ya petroli, tafuta inakovuja kwanza. Kukausha kwa feni ya kawaida ya umeme kusikujie hata akilini, maana feni nayo inatoa cheche.

Hatua ya 1: ijue silinda yenye kasoro

Silinda ya mbele iko upande wa flaiwili (gurudumu zito la mbele ya injini), ya nyuma iko upande wa shafti ya impela. Andika majina hayo kwenye karatasi, na kila kipimo ukiweke chini ya jina lake. Silinda hizi mbili zinanyweshwa petroli ileile, zinavuta hewa ileile, zimetumika saa zilezile. Kwa hiyo kila moja ni shahidi wa mwenzake, na tofauti kati yao ina maana kuliko namba yoyote ya kitabuni.

Ukiwa nchi kavu unaweza kuiwasha kwa mpira wa maji, ila mpangilio ni mmoja tu: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji, funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa, yatapita kwenye ekzosi na kurudi ndani ya silinda, na utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Bila maji kabisa, usizidishe sekunde 15.

Iache izunguke sekunde kumi hivi bila maji, zima, kisha gusa hedi (kifuniko cha juu cha silinda) kwa uangalifu karibu na kila plagi. Silinda inayofanya kazi inapata joto upesi. Iliyolala inabaki baridi au vuguvugu. Mara nyingi hilo peke yake limeshajibu swali.

Mafundi wengi huchomoa kofia za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma, wasikie ipi haibadilishi mlio. Mantiki yake ni sahihi lakini siipendi. Umeme wa koili usipopata pa kwenda hutafuta njia yake, na njia hiyo inaweza kuwa ndani ya koili, kwenye kisanduku cha CDI (kifaa cha umeme kinachoamuru cheche za plagi), au mkononi mwako, tena juu ya tumbo lenye mvuke wa petroli. Ukitaka kipimo hicho, zima injini, chomeka plagi ya akiba kwenye kofia, ifunge vizuri kwa waya kwenye chuma cha injini ipate arthi, ndipo uwashe tena. Kofia uliyoihamisha isipobadilisha mlio wa injini, hiyo ndiyo silinda isiyofanya kazi.

Hatua ya 2: soma plagi

Toa plagi zote mbili, zilaze juu ya karatasi kwa majina yake. Hapa usiharakishe. Plagi ndiyo sehemu pekee ya chumba cha moto unayoweza kuishika mkononi bila kufungua kitu.

Rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea, ni afya. Plagi nyeusi iliyolowa, yenye harufu ya petroli, inasema silinda inapata petroli lakini haiichomi: ama haina moto, ama kompresheni imeshuka, ama kabureta inamwaga. Plagi iliyo kavu kabisa wakati mwenzake ina unyevu inasema petroli haifiki, na hii nakuomba uiogope kuliko nyeusi. Katika mipigo miwili oil inasafiri na petroli. Petroli ikipungua, oil imepungua nayo, na joto limepanda.

Plagi nyeupe, hasa ikiwa na vichembe vidogo vya kung'aa kama vumbi la fedha, ni habari mbaya. Vichembe hivyo ni aluminiamu ya pistoni. Usiiwashe tena hata mara moja "kuhakikisha tu".

Plagi iliyosafishika ikang'aa huku mwenzake ina masizi, au yenye matone ya maji, kutu au chumvi, imekuwa ikioshwa na mvuke. Maji yanaingia. Tutafika huko.

Halafu kuna plagi ambayo pengo lake limefungwa, ncha zimebondwa zikagusana. Hakuna petroli mbaya inayofanya hivyo. Kuna kitu kigumu kimepita humo ndani, kipande cha ringi (pete za kuzunguka pistoni) au cha beringi ya kranki, na pistoni imekigongesha juu. Ruka hatua zilizobaki, nenda moja kwa moja kufungua hedi, na jiandae kufungua hadi kranki.

Hatua ya 3: moto

Weka plagi mpya kwenye kofia zote mbili, zishikize kwenye chuma cha injini mbali na matundu ya plagi, ziba matundu hayo kwa vitambaa, kisha piga stata. Ukiona cheche ya buluu yenye mlio kwenye zote mbili, moto upo. Cheche nyembamba ya njano ni dhaifu, na ndani ya silinda iliyobanwa hewa inaweza isitokee kabisa.

Kwenye Yamaha 701 koili ni moja yenye waya mbili, na plagi zote mbili zinapiga kwa wakati mmoja. Hili linarahisisha mambo. Upande mmoja ukiwa na moto mkali na mwingine hauna, usikimbilie kununua CDI. Kofia ya plagi ifungue kwa kuizungusha, kata nusu sentimita ya waya uliooza kwa chumvi, ifunge tena. Kwa mashine inayolala ufukweni, tiba hiyo ya bure inarudisha silinda nyingi kutoka kwa wafu. Pande zote mbili zikikosa moto, tafuta kwingine: kamba ya usalama ya mkononi, swichi ya kuzimia, koili yenyewe, CDI.

Hatua ya 4: kompresheni

Betri iwe imejaa. Toa plagi zote mbili, siyo moja. Zipe arthi. Funga geji kwenye silinda ya kwanza, bonyeza mafuta mpaka mwisho na uyashikilie hapo, kwa sababu kabureta iliyofungwa inainyima silinda hewa na namba itakuwa ndogo bila kosa lake. Piga stata mpaka mshale ukome kupanda, kwa kawaida sekunde tano au sita. Andika. Pumzisha stata, hamia silinda ya pili, halafu rudia zote mbili.

Kwenye 701 yenye hedi ya kiwandani, namba zilizo karibu na psi 150 (psi ni kipimo cha presha) hazinitishi. Zikifika 120, ringi zimechoka na ni wakati wa kupanga matengenezo. Chini ya 100 usitegemee hata kuwaka vizuri asubuhi. Lakini usichukue namba hizi ukazipachika kwenye kila mashine, maana zipo injini, hasa baadhi ya zile za Rotax kwenye Sea-Doo, ambazo zikiwa nzima husoma chini zaidi. Cha kutazama ni tofauti. Silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Psi 135 na 135 ni injini iliyotumika ambayo bado ina maisha. 155 na 125 ni injini yenye mgonjwa.

Kwa wanaofanya kazi Kisumu, Mwanza au Entebbe kuna jambo la kuongeza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini ileile inayosoma 150 Mombasa itasoma kama 130 Kisumu bila kuwa na kasoro yoyote. Hilo la geji ni dogo. Kubwa ni kwamba kabureta iliyowekwa sawa ziwani, mashine ikiteremshwa pwani bila kurekebishwa, inakutana na hewa nzito zaidi huku petroli ikibaki ileile. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kupita kiasi na pistoni zinaungua. Ukinunua jetski iliyotoka ziwani, rekebisha kabureta kabla hujaipeleka kasi hata mara moja.

Wengine hupenda kumimina oil kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Namba ikipanda, wanasema ringi zimekwisha. Kwenye gari sawa. Kwenye injini hii chumba cha moto ni kidogo, hivyo hata kijiko kimoja cha oil kinakipunguza na kupandisha namba chenyewe. Siitegemei. Kwa sababu hiyohiyo, mashine iliyopuliziwa oil ya kuhifadhia itakupa namba nzuri za uongo mpaka iwake na kuichoma oil hiyo.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotegwa: kompresheni nzuri haimaanishi silinda nzima. Geji inaanza kuhesabu pale pistoni inapokuwa imeshaliziba tundu la ekzosi, kwa hiyo inakupa habari za sehemu ya juu ya silinda peke yake. Pistoni inaweza kuwa imekwaruzika vibaya ubavuni chini ya ringi na geji ikasoma 140 bila aibu.

Hatua ya 5: chungulia

Ingiza kamera ya waya kupitia tundu la plagi, zungusha kranki taratibu kwa mkono, utazame kichwa cha pistoni na kuta za silinda. Huna kamera, fungua manifoldi ya ekzosi. Ni kazi ya jasho, boliti za ufukweni zina tabia ya kukatika, zimwagie mafuta ya kulainisha usiku mmoja kabla. Ikishatoka, ubavu wa pistoni na ringi zitaonekana wazi kwenye tundu la ekzosi. Zibonyeze ringi kwa kijiti: zikirudi kama springi ziko huru, zikikaa kimya zimegandishwa na masizi, na hiyo peke yake inatosha kuangusha kompresheni.

Mikwaruzo ina lugha yake. Ikiwa upande wa ekzosi peke yake, pistoni ilipata joto kupita kiasi, kwa kukosa petroli ya kutosha, kukosa oil, au kukosa maji ya kupoza. Ikiwa sehemu nne kuzunguka pistoni, mtu aliipeleka mbio injini ikiwa baridi. Pistoni ya aluminiamu ilivimba haraka kuliko silinda ya chuma. Ukingo wa pistoni ulioyeyuka ukimong'onyoka upande wa ekzosi unaonyesha hewa nyingi petroli kidogo. Kichwa chenye vishimo vidogovidogo vingi, kama kimepigwa mchanga, kilikuwa kinapigwa na mlipuko usio na mpangilio: petroli hafifu, moto unaowahi, au hedi iliyochongwa kupita kiasi. Na tundu safi katikati ya kichwa ni moto uliojiwasha wenyewe kabla ya plagi, mara nyingi kwa sababu plagi ni ya joto lisilofaa.

Usiondoke hapo bila kupiga picha kwa simu. Utazihitaji unapobishana na anayetaka kukuuzia pistoni bila kutafuta sababu.

Hatua ya 6: pima uvujaji wa kasha la kranki

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ningelazimika kuchagua moja tu ya kusisitiza ningechagua hii.

Katika injini ya mipigo miwili, kasha la kranki ni sehemu ya njia ya hewa. Mchanganyiko wa petroli na hewa unapita humo kabla ya kupanda kwenye silinda. Sili ya kranki (mpira wa kuzuia uvujaji pale kranki inapotokeza nje) ikichoka, gasketi ya chini ya silinda ikipasuka, au kiungo cha kabureta kikilegea, hewa ya ziada inaingia bila petroli wala oil. Dalili yake ukiwa majini ni kwamba unaachia mafuta na injini inachelewa kushuka, inabaki juu kidogo, kisha inateremka shingo upande. Wengi huirekebisha skrubu ya sailensa na kuona wameponya.

Toa kabureta. Ziba njia za kuingizia hewa na matundu ya ekzosi kwa vipande vya mpira wa tyubu ya gari vilivyobanwa na bati nene na boliti. Rudisha plagi. Kwenye kasha kuna kichuchu kidogo ambacho mpira wake unakwenda kusukuma pampu ya petroli. Chomeka hapo pampu ya kupimia presha ya damu pamoja na geji yake, pampu taratibu hadi 300, mwisho wa geji hiyo. Milimita 300 za zebaki ni kama psi 5.8, na kwa kazi hii zinatosha. Usitumie kompresa ya matairi; ukipita psi 10 unaweza kuzing'oa sili nzima zilizokuwa hazina kosa.

Funga na utazame saa. Mshale usishuke zaidi ya kama psi 1 kwa dakika, yaani kutoka 300 hadi 250 hivi. Ukianguka haraka zaidi, pakaza maji ya sabuni kila kiungo ukianza na vizibo vyako mwenyewe, kwa sababu huko ndiko kunakovuja mara ya kwanza. Kisha chini ya silinda, kiungo cha kasha, nyuma ya flaiwili, na sili ya upande wa shafti. Mapovu yakikua, umempata muuaji, tena bila kufungua hedi.

Ukikuta maji

Jambo la haraka kwanza. Maji ya chumvi yakiwa kwenye kasha, beringi za kranki zinaanza kuota kutu siku hiyohiyo. Usipige stata plagi zikiwa zimefungwa: maji hayabanwi, na fimbo ya pistoni itapinda. Toa plagi, zipe waya zake arthi, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka matundu yaache kutema maji, mimina oil kidogo kila silinda, zungusha tena, kausha, weka plagi mpya na uwashe siku hiyo. Kuiacha "mpaka Jumatatu fundi aje" ni kununua kranki.

Baada ya hapo tafuta yalikopitia. Kama jetski ilipinduka na mtu akaigeuza upande usio sahihi, maji ya kwenye ekzosi yalimwagikia kwenye silinda; kibandiko cha nyuma kinaonyesha upande wa kugeuzia, na wateja wa kukodi wafundishwe kabla ya kupewa kamba. Kama iliwekewa mpira wa maji ikiwa imezimwa, umeshajua. Kama hakuna kati ya hayo na silinda moja bado inarudia kuloa, shuku gasketi ya hedi au ufa kwenye hedi na manifoldi ya ekzosi. Bana mipira ya kutolea maji, ingiza hewa kidogo kwa pampu ya mkono kwenye mpira wa kuingizia maji, toa plagi na usikilize: mlio wa hewa kwenye tundu la plagi unamtaja mhalifu.

Hatua ya 7: fungua, ukijua unachotafuta

Sasa hedi itoke. Kuta za silinda zipitishe ukucha: mkwaruzo unaokwama ukucha hautapona kwa kusuguliwa, unataka kuchongwa na pistoni ya saizi inayofuata, kama vile 81.25 au 81.50. Mimi nachonga silinda zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, zilingane. Pistoni ikiwa juu kabisa, shika fimbo uijaribu kwenda juu na chini. Ikicheza na kugonga, beringi imekwisha, na kuweka pistoni mpya juu ya kranki hiyo ni kutupa pesa. Unaporudisha ringi, kila moja ina kijipini chake kwenye mfereji. Ncha zikikaa vibaya zitanasa kwenye tundu la ekzosi dakika ya kwanza.

Kisha mtafute aliyesababisha. Kila kabureta ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake, na kwenye mashine yenye kabureta mbili, kimoja kikiziba kinaua silinda moja tu. Kwenye Sea-Doo za miaka ya 1990 angalia mipira ya petroli ya kijivu: inaoza kwa ndani na kutoa uteute wa kijani unaoziba hivyo vichujio. Kama upo, badilisha mipira yote. Kwenye mashine yenye pampu ya oil, fuata kila kipaipu hadi mwisho. Povu la hewa kwenye kimoja linatosha kuikausha silinda moja. Njia za maji kwenye hedi zikwangue chumvi na mchanga. Mchanga huo unatoka kwenye kuwasha jetski maji yakiwa ya magotini wakati wa kupwa, jambo ambalo kila ufuo wa kukodisha unafanya na kila ufuo unalilipia.

Tangi la kwanza

Kwa mashine ya kuchanganya mwenyewe, tangi la kwanza liwe la uwiano wa 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oil kwa kila lita ya petroli, kisha urudi kwenye uwiano wa kitabu. Mashine yenye pampu ya oil ichanganyiwe mililita 20 kwa lita moja tangini huku pampu ikiendelea na kazi yake. Usishikilie mafuta mpaka mwisho, wala usikae mzunguko mmoja muda mrefu. Panda, shuka, pumzisha. Baada ya safari ya kwanza fupi, toa plagi uzisome tena zikiwa bado na joto. Moja ikianza kuwa nyeupe kuliko mwenzake, rudi hatua ya 6 hapohapo.

Tangi likiisha, pima kompresheni na uandike namba zote mbili, tarehe na jina la mahali ulipopimia, kwa wino usiofutika upande wa ndani wa kifuniko cha siti. Fundi atakayefuata ataanzia hapo.